Faida ya Mashine ni ya Nani?

Karakana ambayo Adam Smith anaisifu mwanzoni mwa kitabu chake cha mwaka 1776 ilikuwa na watu 10 tu. Walitengeneza pini. Mmoja alivuta waya, mwingine akaunyoosha, wa tatu akaukata, wa nne akauchonga ncha, na kwa kugawana kazi namna hiyo waliweza kutoa pini 48,000 kwa siku, ilhali mtu akiifanya kazi yote peke yake asingefikisha hata 20. Hesabu hiyo imerudiwa madarasani kwa karne mbili na nusu. Kinachosahaulika ni kwamba pale hapakuwa na mvuke wala umati wa watoto wakitambaa chini ya mitambo. Richard Arkwright alikuwa amefungua kinu chake cha kusokotea pamba kwa nguvu ya maji huko Cromford mwaka 1771, na injini za James Watt zilianza kufungwa kwa wateja mwaka uleule Smith alipochapisha. Mtu anayeitwa baba wa uchumi wa viwanda aliandika viwanda vikiwa bado havijasimama.

Kabla yake, watawala wa Ulaya waliamini kwamba utajiri wa taifa ni dhahabu na fedha iliyomo hazinani, hivyo kila nchi ijitahidi kuuza nje zaidi ya inavyonunua. Huko Ufaransa tabibu wa mfalme, François Quesnay, alibisha: ardhi pekee ndiyo inayotoa ziada, na fundi hubadili tu umbo la kile kilichotoka shambani. Katika nchi ya wakulima hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Smith aliuondoa utajiri hazinani na shambani akauweka kwenye kazi ya binadamu na namna inavyopangwa. Lakini Smith huyohuyo, ambaye leo hutajwa kama msemaji wa matajiri, aliandika kwamba waajiri huelewana kimyakimya ili ujira usipande, na kwamba mtu anayetumia umri wake kurudia vitendo viwili vitatu huishia kudumaa akili. Wengi wanaomnukuu hawafiki kurasa hizo.

Elimu ya uchumi ilikua pamoja na moshi wa Manchester, na mara nyingi husimuliwa kana kwamba viwanda viliwafundisha wachumi siri ya kuzalisha. Sidhani. Kuzalisha hakukuhitaji falsafa. Kila aliyepita karibu na kinu aliyaona marobota yakitoka. Kilichowagombanisha watu, na ndicho kilichozaa nadharia karibu zote kubwa za karne ya 19, ni mgawanyo. Mashine imeongeza pato: nyongeza hiyo aichukue mwenye ardhi, mwenye kiwanda, au yule anayesimama mbele ya mtambo tangu alfajiri hadi usiku?

Mji wenyewe ulikuwa kioja. Mwaka 1801 Manchester ilikuwa na watu wapatao 75,000. Kufikia 1851 walikuwa wamevuka 300,000. Hadi mwaka 1832 haikuwa na mbunge hata mmoja wa kuisemea, ilhali vijiji vilivyobaki magofu vilipeleka wawili wawili London. Sensa ya 1851 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa England na Wales walikuwa wanaishi mijini. Ndani ya miji hiyo maisha yalikuwa na mwendo mpya. Mfumaji wa nyumbani alikuwa bwana wa saa zake: Jumatatu alipumzika, Alhamisi na Ijumaa alikesha kumaliza kitambaa. Kiwandani kengele ndiyo iliyoamua, na aliyechelewa alikuta lango limefungwa na ujira umekatwa. Mwanahistoria E. P. Thompson alionyesha mwaka 1967 kwamba ilichukua vizazi kadhaa vya faini, mahubiri na shule kuwazoesha watu kuuza muda wao badala ya kuuza kazi iliyokamilika.

Familia nayo ikabadilika. Zamani baba alifuma, mama akasokota, watoto wakachambua pamba, na kilichopatikana kiliingia chungu kimoja. Kiwanda kilimchukua kila mmoja peke yake na kumpa ujira wake, na kwa kuwa vidole vya mtoto ni vyembamba na malipo yake ni kidogo, mara nyingi mtoto alipata kazi pale baba yake alipoikosa.

Mashine hazikuja zote kwa mkupuo, na mpangilio wa kuja kwake uliamua nani aneemeke na nani aumie. Kusokota kulitangulia. Mitambo ya James Hargreaves, Arkwright na Samuel Crompton ilimwaga uzi mwingi wa bei nafuu, ilhali kufuma bado kulifanywa kwa mkono. Kwa muda wafumaji wakawa watu wa kubembelezwa, na mfumaji hodari wa Lancashire aliweza kupata zaidi ya shilingi 20 kwa wiki. Neema hiyo iliwavuta wengi kwenye kitanda cha mfumi, ujira ukaanza kushuka, kisha mashine ya kufuma kwa mvuke ikaja kumalizia. Katika miaka ya 1830 wengi wao walikuwa chini ya shilingi 10. Hawakuwa wavivu wala hawakukosa ujuzi; ni watu laki kadhaa waliozeeka pamoja na fani yao.

Kwa upande wa soksi na sufu, hasira zililipuka mapema. Mwaka 1811 mafundi wa Nottinghamshire walianza kuvunja fremu za kufumia usiku, wakitia saini barua zao kwa jina la mtu wa kubuni, Ned Ludd. Jina lao limebaki tusi kwa yeyote anayeogopa teknolojia, jambo ambalo ni dhuluma kwa kumbukumbu yao. Wengi walikuwa wamezifanyia kazi fremu hizohizo tangu utotoni. Walichagua za kuvunja: zile za mabwana waliopunguza ujira au waliotoa bidhaa hafifu ili kuua soko la fundi wa kweli. Bunge lilijibu mwaka 1812 kwa kuufanya uvunjaji wa fremu kuwa kosa la kunyongwa, na Januari 1813 watu 17 walinyongwa mjini York.

Kati ya wachumi, aliyewasikia ni mmoja ambaye hungemtarajia. David Ricardo alikuwa dalali wa London aliyetajirika kwa hisa na dhamana za serikali. Katika dibaji ya kitabu chake cha 1817 alisema kwamba kazi kuu ya elimu ya uchumi ni kutambua kanuni za kugawanya pato kati ya matabaka matatu: mwenye ardhi, mwenye mtaji na mfanyakazi. Adui yake wa kwanza alikuwa mwenye ardhi. Watu wakiongezeka, alieleza, wakulima hulazimika kulima ardhi mbaya zaidi, bei ya ngano hupanda, na mwenye ardhi nzuri hukusanya pango kubwa bila kutoa jasho. Ujira nao hauna budi kupanda ili mfanyakazi anunue mkate, na anayebanwa ni mwenye kiwanda.

Kuhusu mashine, Ricardo aliamini mwanzoni kwamba kila mtu atafaidi kwa sababu bidhaa zitashuka bei. Kisha, katika toleo la tatu la mwaka 1821, akaongeza sura mpya na kutamka wazi kwamba amebadili mawazo. Mwenye mtaji anapohamisha fedha kutoka kwenye ujira kwenda kwenye mtambo, faida yake inaweza kukua huku fungu la kuwalipa watu likipungua. Kwa hiyo imani ya wafanyakazi kwamba mashine inaweza kuwadhuru si ujinga, inakubaliana na kanuni sahihi za uchumi. Wafuasi wake walifadhaika, John Ramsay McCulloch akiwa wa kwanza. Naona sura hiyo fupi ndiyo kitendo cha uungwana kuliko vyote katika historia ya fani hii: tajiri wa soko la hisa, miaka minane baada ya York, anakiri kwamba walionyongwa hawakuwa na hoja ya kijinga.

Vita dhidi ya wenye ardhi viliendelea baada ya kifo chake. Sheria ya nafaka ya 1815 ilizuia ngano ya nje isiingie hadi bei ya ndani ipande sana, na wenye viwanda wa Manchester, wakiongozwa na Richard Cobden na John Bright, waliipiga vita hadi ikafutwa mwaka 1846. Walijenga ukumbi mkubwa wa kuadhimisha biashara huria kwenye uwanja uleule wa Mtakatifu Petro ambako, tarehe 16 Agosti 1819, askari wa farasi waliuvamia umati uliokuwa ukidai haki ya kura na kuua watu 15 au zaidi. Ukumbi ulipewa jina la biashara huria, si la marehemu.

Kwa maskini wenyewe nadharia ilikuwa kali. Thomas Malthus alikuwa amedai mwaka 1798 kwamba watu huzaana haraka kuliko chakula kinavyoongezeka, na kwamba msaada kwa fukara huzidisha mafukara. Mwaka 1834 Bunge lilipitisha sheria mpya ya maskini iliyokusudia kwamba mwenye nguvu anayetaka msaada aingie kwanza kwenye nyumba ya kazi, ambamo hali ilifanywa makusudi iwe mbaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa nje. Hapo uchumi ulikoma kuwa maelezo ya jinsi watu wanavyoishi, ukawa amri.

Mfano wa kuchekesha zaidi wa uchumi huo wa amri ulikuja miaka mitatu baadaye. Sheria ya viwanda ya 1833 ilikuwa imekataza watoto chini ya miaka 9 kufanya kazi katika viwanda vingi vya nguo, na kuajiri wakaguzi wanne kwa nchi nzima. Walipotokea waliodai siku ya kazi ya saa 10, Nassau Senior, aliyewahi kuwa profesa wa Oxford, aliandika mwaka 1837 kwamba faida yote halisi ya kiwanda hupatikana katika saa ya mwisho. Ukiikata saa hiyo umeua biashara. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na vijana ilipita mwaka 1847. Viwanda havikufa. Karl Marx aliikejeli hoja ya Senior kwa kurasa kadhaa katika juzuu ya kwanza ya *Capital* ya 1867, kitabu ambacho ushahidi wake mwingi unatoka katika ripoti za wakaguzi walewale. Rafiki yake Friedrich Engels alikuwa na ushahidi wa karibu zaidi: alifika Manchester mwaka 1842 kufanya kazi katika kampuni ya pamba ambayo baba yake alikuwa mbia, na kwa miaka mingi pamba hiyo ilimlisha Marx.

Wakosoaji wao hupenda kusema kwamba walikosea kutabiri ufukara wa wafanyakazi, kwa kuwa ujira ulipanda. Ni kweli ulipanda, lakini lini? Mwanahistoria wa uchumi Robert Allen amekokotoa kwamba tangu mwisho wa karne ya 18 hadi karibu 1840 pato la kila mfanyakazi wa Uingereza lilikua sana huku ujira halisi ukitambaa. Engels alichapisha kitabu chake kuhusu hali ya wafanyakazi wa England mwaka 1845, mwishoni mwa kipindi hicho. Aliyaona sawasawa yaliyokuwa mbele yake. Hakuona kwamba yalikuwa yanakaribia kubadilika, kwa nguvu ya vyama vya wafanyakazi, haki ya kura na sheria.

Mwaka 1871 mjadala ulihamishwa. William Stanley Jevons, aliyekuwa akifundisha hukohuko Manchester, na Carl Menger wa Vienna walisema, kila mmoja kivyake, kwamba thamani haitokani na kazi iliyotumika bali na kiasi ambacho mnunuzi anatamani kipande kimoja zaidi. Hesabu za Jevons zilikuwa safi. Matabaka matatu ya Ricardo yakatoweka, wakabaki wanunuzi na wauzaji.

Lakini hata kabla ya hapo kulikuwa na watu ambao hawakumo katika hesabu ya mtu yeyote. Mwaka 1860 zaidi ya robo tatu ya pamba iliyoingia vinu vya Uingereza ilitoka Marekani, ikilimwa na watumwa katika nchi iliyokuwa na watumwa karibu milioni 4. Vita vya Marekani vilipoikata pamba hiyo tangu 1861, Lancashire ilikumbwa na njaa ya kazi. Huku kwetu nako mtikisiko ulifika: merikani, kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kilichokuwa kikiletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem na kubebwa na misafara hadi bara kubadilishwa kwa pembe za ndovu, kiliadimika, na wengine wakaingia sokoni.

Nchi zilizochelewa kujenga viwanda zilijifunza somo lao. Mjerumani Friedrich List aliandika mwaka 1841 kwamba Uingereza ilipanda juu kwa ushuru na marufuku, kisha ikawahubiria wengine biashara huria. Alikuwa sahihi: tangu 1721 hadi 1774 sheria ya Uingereza ilikataza watu wake wenyewe kuvaa vitambaa vingi vya pamba vilivyochapwa rangi, ili vitambaa vya India visiwafukarishe wafumaji wa nyumbani. Ujerumani na Marekani zilimsikiliza List. Makoloni hayakuulizwa.

Kwa makoloni swali la mgawanyo lilikuja likiwa limeshajibiwa. Hofu ya kutegemea pamba ya Marekani iliwafanya wenye viwanda waunde chama cha kukuza pamba katika himaya ya Uingereza mwaka 1902, na mwaka uliofuata mbegu zikaingia Uganda, ambako wakulima walilima ili wapate fedha ya kodi. Wajerumani walitumia mkono mzito zaidi. Katika kusini mwa Tanganyika watu walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya pamba yaliyosimamiwa na majumbe na maakida, kwa malipo ambayo hayakustahili kuitwa ujira. Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, waling'oa mipamba. Vita vya Maji Maji vilianzia hapo, na makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa iliyofuata, yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Waliong'oa miche na waliovunja fremu Nottinghamshire walikuwa kwenye ncha mbili za uzi mmoja, ingawa sijawahi kuona kitabu cha uchumi kinachowaweka katika sura moja.

Aliyeziunganisha ncha hizo kwa nadharia alikuwa mtu wa visiwa vya Karibi. W. Arthur Lewis, mzaliwa wa St Lucia, alikuwa profesa Manchester, akikalia kiti kilichopewa jina la Jevons, alipochapisha makala yake maarufu mwaka 1954. Aliacha hesabu safi za Jevons akarudi kwa Smith, Ricardo na Marx. Katika nchi maskini, alisema, watu waliojazana vijijini ni wengi kiasi kwamba kiwanda kinaweza kuajiri na kuajiri bila ujira kupanda. Faida itarudishwa kujenga viwanda zaidi, hadi siku ambayo vibarua wa ziada watakwisha na ujira uanze kupaa. Ni kisa cha Uingereza kabla na baada ya 1840 kilichogeuzwa kuwa mpango. Kilinganishe na kodi ya kichwa na kipande, kitambulisho ambacho wanaume Waafrika wa Kenya ya kikoloni walilazimishwa kubeba, utauliza kama wingi huo wa vibarua ulikuwa wa asili au ulitengenezwa. Lewis mwenyewe alikiri kwamba wenye mashamba na migodi ya kikoloni walikuwa na maslahi katika kumweka mkulima chini.

Tanzania ilijaribu njia mbili kwa mpigo. Azimio la Arusha la 1967 lilionya dhidi ya kutegemea fedha na viwanda na kuweka kilimo kuwa msingi. Mwaka uliofuata kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianza kazi Dar es Salaam kwa msaada wa China, na mwaka 1975 likaja lengo la viwanda mama. Upungufu wa fedha za kigeni, vipuri na umeme uliviangusha vingi katika miaka ya 1980. Leo sehemu kubwa ya pamba ya nchi bado inauzwa nje ikiwa haijasokotwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoazimia mwaka 2016 kupunguza mitumba, Marekani ilitishia kufunga mlango wa soko lake. Rwanda ilishikilia msimamo na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. List asingeshangaa.

Kwa hiyo vijana walitoka vijijini kama Lewis alivyosema, ila hawakukuta kiwanda. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokwenda Kenya uliandika mwaka 1972 kuhusu mafundi na wachuuzi walioko nje ya ajira rasmi, na ripoti hiyo ndiyo iliyolifanya suala la sekta isiyo rasmi lijulikane duniani kote. Jua kali, kama Wakenya wanavyoiita sekta hiyo, ilikuwa imeingia katika nadharia. Wachumi walitazama ubunifu wake, mikopo yake, kodi inayokwepwa. Mgawanyo wa ndani yake hawakuutazama sana.

Mtazame dereva wa bodaboda asiye na pikipiki yake. Kila jioni anampelekea mwenye chombo hesabu, kiasi kilichopangwa, awe amepata abiria au amekosa. Mafuta na faini ni juu yake, na kinachobaki, kikibaki, ndicho chake. Katika kinu cha Lancashire mfanyakazi alipewa ujira uliopangwa na mwenye mali akasubiri masalia, na kubeba hasara soko likianguka. Hapa mpangilio umegeuzwa. Mwenye mali ana uhakika, na mwenye kazi ndiye anayebeba hatari yote ambayo vitabu husema ni sababu ya tajiri kustahili faida. Na huyo mwenye mali huenda si tajiri hata kidogo, ni mwalimu wa shule ya msingi aliyekopa kununua pikipiki moja kwa kuwa mshahara hautoshi, kwa hiyo siku dereva akiamua kugoma hajui lango la nani akasimame.